Nondo wa Kikandaa na Mkungu wa Bi Somoe

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye simu na kwenye ngazi za ofisi, mbona nimerudi nachechemea, na mbona siku tano zimekuwa kumi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, mpitishiane wenyewe, na atakayeniuliza tena nitamwonyesha karatasi hii.

Kwanza mjue nilifuata nini, maana nusu yenu mnaamini nilikwenda kula kamba. Huko delta ya Rufiji, kwenye kitongoji kiitwacho Nyamatope, kuna kikundi cha akina mama wanaotunza kitalu cha miche ya kikandaa, mojawapo ya miti ya mikoko. Kiongozi wao ni Bi Somoe. Miche yao ilikuwa iende kupandwa upya mahali ambapo mikoko ilifyekwa zamani kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Mwaka huu majani ya miche yakaanza kutoka michirizi myeupe, kama mtu aliyekaa akachorachora kwa kalamu. Mtu wa mradi unaochukua miche hiyo akapita, akatazama, akasema ni ugonjwa. Akasema Jumamosi anarudi, na kama hakuna mtaalamu wa kumwambia vingine, kitalu chote kitang'olewa na kuchomwa moto.

Bi Somoe alipiga simu ofisini kwetu. Simu ikahamishwa meza hadi meza, mwisho ikaangukia kwangu, fundi wa kuhifadhi wadudu na majani makavu. Aliponieleza michirizi nilijua. Kuna nondo wadogo, wadogo kuliko punje ya mchele, ambao hutaga yai juu ya jani. Kiwavi akitoka anaingia ndani ya jani lenyewe, anaishi katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, anakula nyama ya kijani huku akitembea. Ile michirizi ni njia yake. Michirizi ya namna hiyo nilishaiona sana kwenye majani ya mkungu, ule mti wa kivuli wenye majani mapana. Na mkungu na kikandaa ni mimea ya ukoo mmoja, ingawa ukiitazama huwezi kuamini. Kwa hiyo kichwani mwangu jibu lilikuwa tayari hata kabla sijafunga begi: ni nondo yule yule, anatoka kwenye mikungu. Nilichohitaji ni kumpata akiwa mzima mwenye mabawa, kutoka kwenye mti huu na kutoka kwenye mche ule, nimwoneshe huyo bwana.

Kumbukeni hilo la jibu kuwa tayari.

Mbagala hadi Kibiti

Kutoka Morogoro hadi Mbagala siielezi, mnaijua wote. Basi la Kibiti lilikuwa liondoke saa moja asubuhi ya Jumatatu. Liliondoka saa tatu. Tulipofika Vikindu likasimama, akateremka abiria mmoja mwenye kanzu. Kumbe ni shemeji yake dereva, anapita kutoa mkono wa pole kwenye msiba.

"Dakika tano tu jamani," dereva akasema, akazima injini.

Yule bwana alikaa saa moja na nusu. Alipowasili ndipo chakula kilikuwa kinapakuliwa, na mtu haondoki msibani chakula kikiwa kinapakuliwa. Akarudi na mfuko wa pilau, akampa dereva kupitia dirishani. Tukadhani sasa tunaondoka. Dereva akafungua mfuko, akala, akanawa, akashukuru Mungu, ndipo akawasha gari. Hakuna abiria aliyesema neno isipokuwa mimi, na wote wakanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyechelewesha.

Kibiti: nondo za milimita kumi na mbili

Kibiti nilipokelewa na Mzee Mtulia, binamu yake Bi Somoe, mtu mzima mwenye duka la mbegu karibu na barabara kuu. Bi Somoe alimpigia kumweleza kuwa anakuja mgeni kutoka Morogoro, anatafuta nondo na mkungu, asaidiwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu sana. Nondo zako zipo," akaniambia hata sijakaa. "Za milimita kumi na mbili. Nimemwambia mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtu asiziguse. Unajenga ghorofa?"

"Mzee, nondo mdudu."

"Mdudu?"

"Mdudu. Yule anayefanana na kipepeo, anayezunguka taa."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umetoka Morogoro mpaka hapa kufuata mdudu wa kwenye taa. Morogoro hamna taa?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa subira, na jasho likinitoka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka amebeba mkungu wa ndizi mzito, ndizi mzuzu, nzuri kabisa.

"Basi angalau mkungu huu hapa," akasema.

Nilikaa chini. Nikamwambia mkungu mti, mzee, ule unaozaa kungu, watoto wanazipasua kwa mawe. Akaniambia, "Sasa si ungesema mkungu wa kungu," na hapo nikaona heri ninyamaze, maana kwa kweli ningesema.

Hata hivyo si mtu mbaya. Alifunga duka, akanipeleka hadi kwenye mikungu miwili mikubwa karibu na shule. Majani yalikuwa yamejaa alama. Nilichuma nusu saa, nikichagua yale ambayo kiwavi bado yumo, nikayapanga kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko pamoja na karatasi yenye unyevu. Wakati nachuma, watu watatu walikuja kuuliza majani hayo yanatibu nini. Nikisema hayatibu, walitikisa kichwa na kuchuma yao, wakijua nawaficha. Kama wiki hii kuna mtu Kibiti anakunywa chai ya majani ya mkungu, si makosa yangu.

Jambo moja nililiona pale na nikalipuuza. Alama za kwenye mkungu zilikuwa pana, kama baka la maji yaliyomwagika. Bi Somoe kwenye simu aliniambia michirizi. Nikajiambia, jani la mkungu ni pana, kiwavi ana nafasi, anajinyoosha. Nikafunga mfuniko.

Mzee Mtulia alikataa kata kata niondoke bila zile ndizi.

Kibiti hadi Nyamisati, kwa njia ya nyanya

Jumanne asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Nyamisati, mahali boti za delta zinapoondokea. Dereva, Kassimu, mtu wa makamo mwenye koti la mvua juani, aliufunga mkungu wa ndizi nyuma yangu, nikakaa katikati kama mzigo wa pili. Nilimwambia mara tatu kuwa boti inaondoka maji yakijaa, saa sita, na nisipoiwahi nalala.

"Ondoa shaka dada. Unafuata nini huko?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nikamwambia. Safari hii nilisema "vidudu vinavyokula majani kwa ndani", nisije nikawekewa tena vyuma vya ujenzi.

"Kantangaze!" akapiga kelele. "Kantangaze huyo! Amemaliza nyanya za baba mdogo kule Mtunda!"

"Ni tofauti, kaka. Huyo ni wa nyanya."

"Anakula majani kwa ndani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi ndiye."

Na pikipiki ikaacha barabara. Nilimpiga bega, nikampigia kelele sikioni, akaniambia ni hapo hapo tu. Hapo hapo ilikuwa mwendo wa saa nzima kwenye mchanga, mara mbili nimeshuka nikatembea nyuma huku ndizi zimepakiwa kama malkia.

Baba yake mdogo, Mzee Ungando, alitukuta tunaingia shambani akavua kofia. Mistari minane ya nyanya ilikuwa imekauka kama imepitiwa na moto. Alichuma nyanya moja, akaipasua kwa kidole gumba, akanionyesha kiwavi ndani.

"Nimepiga dawa ya kila rangi," akasema. "Wewe ndiye mtaalamu wao?"

Ilibidi nimwambie kuwa mimi si mtaalamu wa nyanya. Nikakaa naye kwenye tuta nikamweleza ninachojua: kwamba nondo wa nyanya anakula nyanya na jamaa zake, biringanya, mnavu, viazi mviringo, na kwamba mnavu ule aliouacha uote pembeni mwa shamba unamhifadhia huyo adui msimu hadi msimu. Ang'oe.

"Na wa kwako wa huko baharini, akija hapa atakula nyanya?"

"Hawezi. Kila mmoja ana mimea yake, mzee. Mama akikosea jani la kutaga, watoto wanakufa njaa. Hawachanganyi ovyo."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu, Jumanne, kama saa tano asubuhi. Mzee Ungando akashukuru, akaanza kung'oa mnavu pale pale. Tukafika Nyamisati saa nane, maji yamekupwa, boti imeshaondoka na matope tu yanang'aa.

Nyamisati: kontena safi

Kassimu aliniomba radhi kwa moyo wote na kuondoka upesi. Mimi nikabaki na begi, ndizi, makontena mawili, moja tupu na moja la majani ya mkungu, na mchana mzima wa kungoja. Boti inayofuata ilikuwa kesho yake, na watu wa pale wakiniambia kesho walikuwa wakitazama maji, hawatazami saa.

Palikuwa na mama lishe, Mama Tatu, aliyeniona nimekaa juani akanivuta kwenye banda lake. Alinilisha wali na mchuzi wa kambare, pilipili mbichi pembeni, ndimu ya kukamua. Nasema ukweli, wali ule ulinirudishia utu. Nililala nyumbani kwake na wanawe. Asubuhi nikaenda kuoga, nikaacha vitu vyangu barazani.

Niliporudi Mama Tatu alikuwa anatabasamu.

"Nimekufungia chakula cha njiani mwanangu," akasema, akanipa kontena langu. Lilikuwa la moto. Ndani mna wali, kipande cha samaki wa kukaanga, na ndimu. "Kontena lako lilikuwa na takataka, majani yameshaanza kuoza. Nimemwaga, nimelisugua kwa sabuni na majivu. Tazama linavyong'aa."

Nikatazama linavyong'aa.

Mnajua nina mdomo. Lakini yule mama alikuwa ameamka mapema kuliko wote kunikaangia samaki. Nikasema, "Ahsante mama, Mungu akulipe," nikaenda nyuma ya banda, nikayatafuta majani. Mbuzi alikuwa anamalizia la mwisho.

Nyamisati hadi Nyamatope

Boti iliondoka Jumatano saa saba, ikiwa na mabati, magunia ya unga, na mzee aliyebeba jiko jipya mapajani njia nzima. Mikono ya mto inaingiana na kutoka, mikoko pande zote mbili, na kila kona inafanana na iliyopita. Mbele ya Nyamatope boti ikashindwa kusogea kwa sababu ya kina. Nahodha akasema tuteremke tutembee, ni hatua chache.

Nilizama mpaka gotini kwenye hatua ya kwanza. Ya tatu nikaacha kiatu. Ya sita nikakanyaga mizizi ya mchu, ile inayosimama juu ya tope kama misumari, mmoja ukanichoma unyayo. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchechemea, kama mlitaka kujua hilo tu mnaweza kuacha kusoma. Wanawake wawili wakaja wakanishika kwapani kila mmoja upande wake, wakanitoa kama mwiko kwenye ugali.

Bi Somoe alikuwa amesimama ufukoni. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mikono mikubwa. Nilimwamkia huku nimefunikwa na tope.

"Marahaba mwanangu. Tulikungoja jana."

"Bi Somoe, nikikueleza nimepitia wapi hutaamini."

"Nitaamini. Mtulia kanipigia nilipokwenda penye mtandao, kaniuliza kwa nini nimemletea mwendawazimu." Akanitazama mguu. "Kaa tuoshe hicho kidonda kwanza."

Wakaniosha kwa maji ya moto yenye chumvi. Watoto wakagawana ndizi. Kisha wakanipeleka kitaluni, na hapo ndipo nilipoona kitu kilichonifanya nisahau mguu. Miche ya kikandaa ilikuwa imepangwa kwenye vifuko, mistari kwa mistari, na juu yake, umetandaza matawi kama mwavuli, mkungu mkubwa. Kitalu kizima kilikuwa kimewekwa kwenye kivuli chake. Akina mama walikuwa wamekaa chini yake wakijaza udongo kwenye vifuko.

Nilichechemea hadi kwenye shina, nikavuta tawi. Majani yamejaa mabaka. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa na njaa, mguu unapwita, nimechelewa siku nzima, na hatimaye kitu kimoja kwenye safari hii kilikuwa kama nilivyokitarajia.

"Mnaona?" nikawaambia wote, kwa sauti ya mtu anayefundisha. "Chanzo ni huu. Nondo wanatoka humu kila siku, wanashuka, wanataga kwenye miche. Chanzo ni mti huu hapa."

Bi Somoe akatazama juu kwenye matawi. "Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Hakuuliza tena.

Alhamisi

Kesho yake asubuhi nilipelekwa kwa mtumbwi hadi mahali penye mtandao, nimpigie mkuu wangu kumwambia nimefika. Kwenda na kurudi ilichukua saa tatu, maana mwenye mtumbwi alikuwa na nyavu zake za kukagua njiani, na nilishajifunza kutopinga.

Niliporudi, kabla mtumbwi haujagusa ufuko, niliona anga mahali ambapo jana hapakuwa na anga. Mkungu ulikuwa chini. Wanaume wawili, wakata mikoko wa siku nyingi, walikuwa wanakata matawi vipande. Mashoka yao yalikuwa makali na kazi ilikuwa imewachukua muda mfupi.

"Bi Somoe! Mmefanya nini?"

"Ulisema chanzo ni mti," akanijibu. "Bwana wa mradi anakuja keshokutwa. Akute tumekwisha ondoa chanzo."

"Lakini sikusema mkate!"

"Hukusema. Ila miye ningefanyaje? Nichague mti mmoja au miche ya watu kumi na wanane?"

Alisema taratibu, wala hakunigombeza. Mwenzake mmoja, Mwanaidi, binti yake mkubwa, ndiye aliyeniambia pembeni kwamba mama yake aliupanda mkungu ule mwaka aliomzaa yeye, na kwamba alfajiri alikwenda akakaa chini yake peke yake kabla hajawaita wenye mashoka.

Nikafanya kazi yangu. Kwenye matawi yaliyoanguka nikachuma majani ambayo viwavi wake walishajifungia kwenye vifuko vyao vya hariri, tayari kugeuka nondo. Nikajaza kontena moja. Kwenye miche nikachuma ya kikandaa, nikajaza la pili. Nikayafunika kwa kitambaa chepesi, nikaandika juu kwa kalamu ya wino, nikakaa kuyalinda. Nilimtangazia kila mtu Nyamatope, mkubwa kwa mdogo, kuwa atakayeosha kontena langu tutakosana.

Ijumaa haikutoka kitu. Wakati wa mchana maji makubwa ya bamvua yalipojaa vizuri, nikamwomba Mwanaidi anipeleke kwa mtumbwi kwenye vikandaa vya porini, vile vilivyoota vyenyewe upande wa bara, ambako hakuna mkungu hata mmoja. Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwanza. Nilichuma tawi la kwanza lililonifikia. Majani ya zamani yalikuwa na michirizi. Membamba, mirefu, inayojipinda. Tawi la pili hivyo hivyo. Miti mizima yenye afya, na michirizi.

"Hii iko siku zote?" nikamuuliza.

"Siku zote," akasema Mwanaidi. "Tukiwa wadogo tulisema ni majini wanaandika barua. Kwani wewe ulituuliza?"

Sikuwauliza. Siku tano nzima nilikuwa nawaeleza watu.

Jumamosi

Asubuhi nondo walikuwa wametoka. Kwenye kontena la mkungu walikuwa watatu, kwenye la kikandaa wanne, wamekaa upande wa ndani wa kitambaa. Nilichukua kioo cha kukuzia. Wa kikandaa ni mweupe wa fedha, mabawa membamba yenye ndevu ndevu pembeni, na doa moja jeusi kwenye ncha. Wa mkungu ni wa rangi ya shaba, ana mistari ya kukata bawa, na hana doa. Nikatazama tena. Nikawabadilisha upande nikidhani macho yananidanganya. Hawa ni nondo wawili tofauti. Wa mkungu alikuwa na mambo yake kwenye mkungu, wala hakuwahi kushuka kwenye mche hata mmoja.

Bwana Erasto, yule wa mradi, alifika saa tano, kijana mwenye miwani na buti za mpira, hata yeye ametapakaa tope. Nilijiandaa kupigana naye. Nikampa kioo. Alipiga magoti, akatazama muda mrefu.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema. "Kanaua mche?"

"Hakaui. Jani linachorwa, linaanguka, mche unatoa jingine. Vikandaa vya porini vyote vinavyo, na vimesimama. Ukichoma kitalu hiki ukapanda miche safi, mwakani nayo itachorwa. Hawa ni wenyeji."

"Basi ningeambiwa hivyo tangu mwanzo," akasema. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema miche itachukuliwa yote maji makubwa yajayo. Dakika ishirini, mambo yameisha. Sikupigana na mtu. Kisha akatazama kisiki. "Na mti huu mmeukatia nini?"

Ningeweza kusema ulikuwa mbovu. Bi Somoe alinipa nafasi hiyo, alikuwa ameangalia pembeni. Nikamwambia Bi Somoe, mbele ya yule bwana na akina mama wote, kwamba mti haukuwa chanzo. Kwamba nilisema nina hakika na sikuwa na hakika, nilikuwa nimechoka na nilitaka niwe nimepatia.

Bi Somoe akauliza kitu kimoja tu.

"Huyo wa mkungu, anakwenda wapi sasa?"

"Sijui, mama. Atatafuta mkungu mwingine. Asipoupata, atakufa."

Akatikisa kichwa polepole. Mama mmoja nyuma akasema kwa hasira, na alikuwa na haki, "Na sisi kivuli cha miche tunapata wapi? Jua hili, wiki moja tu yote itakauka. Nondo hakuichoma, mradi haukuichoma, sasa jua litaichoma."

Siku za makuti

Bwana Erasto aliondoka maji yalipojaa. Mimi sikuondoka naye. Nilimtumia mkuu wangu ujumbe kupitia kwa nahodha wa boti kwamba mguu umevimba, na ulikuwa umevimba kweli, lakini si hiyo iliyonibakiza.

Jumapili wanaume walisimamisha nguzo juu ya kitalu, na akina mama wakakaa kusuka makuti ya kuezekea kivuli. Nikakaa nao. Hakuna aliyeniambia nikae, wala niondoke. Mnanijua, mikono yangu imezoea pini na karatasi. Mwanaidi alinionyesha mara moja jinsi ya kupasua kuti na kupishanisha majani yake, la juu chini, la chini juu. Nilisuka la kwanza kwa saa nzima. Bi Somoe alilichukua, akaligeuza, akalifumua lote, akalisuka upya yeye mwenyewe, akaliweka kwenye rundo. La pili alilifumua nusu. Mchana tukala ugali na pweza wa nazi kwenye sinia moja, akanisogezea kipande mbele yangu, bado hajasema nami.

Jumatatu nilikuwa na malengelenge kwenye vidole sita. Nilisuka la tatu, akalifumua. Nilisuka la nne, nikampa. Aligeuza upande huu, akageuza upande ule, akavuta kona moja kuona kama inaachia.

"Hili litakaa," akasema, akaliweka juu ya rundo, akanipa kuti jingine.